Mafuta ya Mwanasesere

Ngollo, fundi mchongaji wa mtaa wa Cheyo, alikuwa mbishi wa kubishana hata na patasi yake, lakini kazi ya mwanasesere huyu aliipokea bila ubishi. Alimchonga kwa mti wa mninga, akamuunga viwiko na magoti kwa vijiti, ili wacheza ngoma wamwinue kwenye mashindano ya mavuno. Walitaka ashike nafasi ya Kornel, kiongozi wao, mtoto wa pekee wa Ngollo. Kornel alikwenda vitani Burma, ikarudi karatasi tu ya kifo chake, kupitia kwa bwana shauri, mtawala Mwingereza wa wilaya. Kaburi la kuendea halikuwapo. Basi Ngollo alimpa mwanasesere sura ya mwanawe, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Ilibaki kumpaka. Twalibu, aliyerithi uongozi wa ngoma, alileta kopo la vanishi kutoka madukani Kanyenye.

"Shikamoo, mzee. Mpake hii ang'ae. Tunamtaka Jumamosi."

"Marahaba. Mtu anayeng'aa hivyo umemwona wapi?"

Hata hivyo aliijaribu kwenye mkono mmoja. Kesho yake kiwiko kilikuwa kimeganda, mkono umekakamaa, na Ngollo aliukwangua huku akilia. Nta ya nyuki ingeshika vumbi lote la uwanjani. Yakabaki mafuta ya nyonyo, ambayo hayataki kukauka. Hupakwa tone moja tu na kufutwa.

Alimpelekea mkewe, Nyamizi, mwanasesere pamoja na mafuta hayo, ayakague. Tangu karatasi ije, Nyamizi hakuwa ametoa chozi, wala hakuwahi kumtazama mwanasesere. Alinusa kibuyu cha nyonyo, akanyoosha miguu mkekani, akamlaza mwanasesere mapajani. Akamimina mafuta kiganjani, akaanza na magoti, akiyakunja na kuyanyoosha, vile vile alivyomkanda Kornel mchanga kila asubuhi. Hapo machozi yakamtoka. Ngollo alitaka kusema mafuta yamezidi, badala yake akamsogezea kibuyu.

Jumamosi Twalibu alifika kumchukua mwanasesere.

"Bado hajakauka," Nyamizi alisema bila kuinua kichwa.

Wiki iliyofuata alijibiwa hivyo hivyo, maana kila asubuhi mwanasesere alipakwa upya. Ngollo alimsindikiza kijana hadi njiani.

"Mashindano lini?"

"Bado siku kumi, mzee."

Ngollo alirudi uani, akavuta gogo jingine la mninga, awachongee wacheza ngoma mwanasesere mwingine. Huyu wa pili hakumpa sura ya mtu yeyote anayemjua, akampaka vanishi mwili mzima, akikwepa viungo.