Siku Skrini Mpya Ilikataa Kushika Malaba

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Malaba kwa ofisi ya kusafirisha mizigo, nilivaa tai ya shemeji yangu na ilikuwa inaninyonga. Hiyo miaka ya tisini kompyuta zilikuwa chache. Ukitengeneza redio huko Burumba, mtaa wa Busia, kama mimi, basi wewe ni fundi wa kompyuta. Hivyo ndio niliandikwa kazi.

Kompyuta yetu ilikuwa nzee, nafikiri ilishuka na Nuhu. Skrini yake ilikuwa imetoa moshi ikakufa, meneja akaagiza mpya Nairobi. Siku hiyo hiyo ikafika. Kubwa! Wanaume wanne waliibeba, mmoja akalazwa hospitali ya Nangina na mgongo. Lakini plagi yake ilikuwa na pini nyingi kuliko matundu ya kompyuta. Nikatafuta adapta, ile kitu inaunganisha mdomo mdogo na mkubwa, nikawasha. Skrini ikaandika: NO SIGNAL, yaani hakuna mawimbi.

Na nje kulikuwa na lori ya vifaranga ya kuenda Uganda. Jua inachoma, vifaranga inalia, dereva karibu alie pia. Bila karatasi ya forodha kutoka hiyo kompyuta, hakuna kuvuka.

"Signal si ni mambo ya eria?" meneja akauliza.

Hata mimi niliona ni kweli. Malaba nzima, TV ikikosa signal, unageuza eria, ile antena ya paa, iangalie Tororo, ng'ambo Uganda. Nikapanda paa na tai yangu, nikashika eria ya ofisi.

"Imeshika?" nikaita.

"Bado! Geuza kidogo!" meneja akajibu kutoka ndani.

"Sasa?"

"Bado! Na vifaranga ikikufa, wewe rudi Burumba leo leo!"

"Ssebo, bwana yangu, shuka tu," dereva akaniita. "Hata ukigeuza mlima ya Tororo yenyewe, hiyo haitashika."

Nikashuka nimechanganyikiwa kabisa. Ndio karani wetu, Mama Atieno, akasema, "Boss, si kompyuta inanguruma? Skrini ndio imelala. Mimi hizi vitufe nazijua bila kuangalia."

Akafunga macho, sijui kwa nini, na skrini yenyewe ilikuwa giza. Akaandika. Printa ikalia krrr, karatasi ikatoka. Lakini vidole vilikuwa vimeteleza kitufe kimoja, kwa hivyo mahali pa "vifaranga" paliandikwa BOGSTSMHS.

Tukapeleka kwa afande wa forodha, akasoma, akageuza karatasi, akasoma tena. "Boss, hii ni mnyama gani?"

"Afande, sikiza mwenyewe," dereva akajibu.

Lori yote ikalia chwi chwi chwi. Afande akacheka mpaka kofia ikaanguka, akasahihisha na kalamu, akagonga muhuri. Meneja akaniangalia. "Kesho kuja. Lakini paa, wacha."

Baadaye fundi kutoka Kisumu alieleza kwamba kadi, kile kipande ndani kinatuma picha, ilikuwa ya zamani, na skrini mpya haikuelewa lugha yake. Akabadilisha kadi, picha ikaja. Mimi nikatikisa kichwa kama nimeelewa. Nikafanya kazi Malaba, Busia, tena Malaba, mpaka nikastaafu, na hiyo kadi bado inanisumbua akili. Lakini ukikula kuku huko Uganda, heshimu hiyo sahani. Pengine nyanya ya huyo kuku alivushwa mpaka na mama mmoja wa Malaba, macho yamefungwa.