Kanzu Niliyopimia Nyeupe

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye idara ya filamu ya serikali, sikushika kamera. Nilishika kitambaa. Mkuu wa Kamera, mtu mrefu wa kaunda suti iliyopigwa pasi mpaka mistari ikasimama, alinikabidhi lenzi sita na kipande cha ngozi laini, akaniambia, "Binti, ukiacha alama ya kidole hapa, wananchi wataona kidole chako badala ya mheshimiwa." Nilisafisha lenzi miezi minne. Wavulana wawili tulioanza nao siku moja walikuwa wameshaanza kubeba stendi na kupanda magari ya safari, mimi nasugua vioo. Lakini mimi ni Rukia wa Kaloleni, baba yangu alikuwa mtu wa reli, na watu wa reli hawakuzaa watoto wa kukata tamaa. Mwezi wa tano Mkuu akaimulika lenzi moja kwa tochi, akaigeuza, akaimulika tena, kisha akanung'unika, "Haya, mpeni kamera."

Nawasimulia haya nyinyi mnaopiga video kwa simu huku mnatembea na mnatafuna chingamu. Siwasuti. Nasema tu kwamba sisi tulifundishwa kusimama.

Wakati huo tulitumia filamu yenyewe, ule utepe wa dawa unaokaa ndani ya kopo. Ukishapiga, huoni kitu mpaka maabara waisafishe, na hilo huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo ulijifunza kubana pumzi, kuhesabu moyoni, na kuomba Mungu. Kutoka hapo nilihamishiwa kitengo cha filamu za elimu, nikapiga picha za ng'ombe wakiogeshwa na akina mama wakichemsha maji ya kunywa, na baadaye nikapelekwa habari. Huko ndiko nilikokutana na video ya kanda, na ndiko nilikojifunza kitu kinachonifanya niandike leo: kuipimia kamera nyeupe.

Jicho lako likiona karatasi juani au chini ya balbu, linajua ni nyeupe. Kamera ya video haijui. Inabidi uishike, uijaze picha yote kwa kitu cheupe, ubonyeze kidude, ndiyo uiambie: hii ndiyo nyeupe. Rangi nyingine zote itazipanga kufuata neno lako. Mkuu wa Kamera, ambaye naye alikuwa amehamia habari, alitukusanya uwanjani akasema, "Kamera ni mgeni mjini. Ukimwonyesha njia siyo, atakwenda nayo mpaka mwisho, na hatakuuliza."

Sasa, siku moja ya Ijumaa niliagizwa kupiga mkutano karibu na nyumbani, na upepo ukanipokonya karatasi yangu ya kupimia. Natazama huku na huku, namwona mume wangu Athumani anatoka msikitini na kanzu yake. Athumani alikuwa karani wa bohari ya reli, mtu mpole, asiyependa kupigwa picha hata ya kitambulisho. Nikamwita, "Baba Mwana, hebu njoo usimame hapa, geuka nyuma." Nikamjaza kwenye picha mgongo mzima, nikabonyeza. Rangi za siku ile zilitoka safi hata Mkuu akaniuliza nimetumia nini. Nikamjibu, "Mgongo wa mume wangu." Mkuu alicheka, na yeye hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Tangu siku hiyo kanzu moja ya Athumani iliyoanza kuchakaa ilikaa ndani ya mkoba wangu wa kamera. Alinitania mbele ya mashemeji: "Wenzangu wake zao huwatazama usoni. Wangu mimi hunitazama mgongo." Nami nilijivuna, kwa sababu kanzu za nyumba yangu zilijulikana Kaloleni nzima. Nilizifua kwa mkono na kuzichovya kwenye maji ya kile kidonge cha bluu cha kufulia, kidogo tu, ili weupe ung'ae. Majirani waliniuliza siri. Sikuwaambia.

Nilistaafu mara mbili. Mara ya kwanza kwa barua ya serikali na sufuria ya zawadi. Athumani alifariki mwaka uliofuata. Nikabaki na arusi za hapa na pale, kamera ndogo zinazojipimia zenyewe, na kanzu ile ndani ya mkoba. Kila mwezi niliitoa, nikaifua, nikaichovya kwenye bluu, nikaianika na kuikunja. Haikuwa chafu. Nani angeichafua?

Ndipo akaja Wanjiru. Huyu ni binti wa Dandora, mama yake anauza mboga, na alikuwa amebisha mlango wa chuo cha filamu mara mbili akarudishwa. Mara ya tatu walimtaka alete filamu fupi aliyoiongoza mwenyewe, na zilikuwa zimebaki siku tisa. Alikuwa ameazima kamera ya dijitali ya HD, hizi zinazoona kila kinyweleo, lakini hakuwa na mtu mwenye mkono wa kuishika.

"Anti, nimeskia wewe ndio mnoma wa kamera hizi mtaa," akaniambia mlangoni, bado hajakaa.

"Kwanza salamu," nikamwambia.

"Shikamoo, Anti."

"Marahaba. Sasa sema."

Hadithi yake ilikuwa nzuri. Mzee mjane, seremala mstaafu, anaamua kunyoa ndevu alizofuga tangu ujana ili aende kumposa mama mmoja mjane jirani yake. Basi. Mwigizaji alikuwa Mzee Njoroge, seremala wa kweli wa mtaa wetu, mwenye ndevu za kweli ambazo hata wajukuu zake hawakujua zimeficha nini. Alikuwa amekubali kuzinyoa mbele ya kamera. Nadhani mnaelewa uzito wa jambo hilo. Ndevu kama zile hunyolewa mara moja. Ukikosea, huwezi kusema turudie.

Siku mbili za kwanza tulipiga sehemu za mzee akiwa na ndevu, na nilipimia nyeupe kwa kadi ya Wanjiru, kadi nyeupe ya dukani. Picha zikatoka vizuri sana. Ile HD, wallahi, ilinishangaza. Niliona vumbi la mbao kwenye nyusi za Mzee Njoroge. Nilijiona nimekuwa kijana tena, mkono wangu ulikuwa imara, na Wanjiru alikuwa akiniambia kila saa, "Anti, hiyo ni moto."

Siku ya tatu ndiyo ya kunyoa. Kiti cha kinyozi kikawekwa kibarazani, majirani wakajaa. Wanjiru akaniletea kadi yake. Nikaikataa. Siku kubwa inataka kitu kikubwa, nikamwambia, nikatoa kanzu ya Athumani, nikaitundika kwenye kamba, nikaijaza kwenye picha, nikabonyeza.

Wanjiru akainama kutazama kioo kidogo cha kamera. Kisha akasema polepole, "Anti, ni kama imeshika manjano hivi?"

"Kioo hicho kimepigwa na jua, kinadanganya."

"Tujaribu na kadi, mara moja tu."

Hapo ndipo niliposema maneno ninayoyajutia mpaka leo. Nilisema, na watu wanasikia, "Mwanangu, nilikuwa napimia nyeupe kabla mama yako hajakuzaa." Watu wakacheka. Wanjiru akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vyema. Adabu yake ndiyo iliyotuponza.

Tukapiga. Wembe ukashuka, ndevu zikaanguka, na chini yake kikatokea kidevu kidogo chenye shimo katikati. Mke wa jirani akapiga kigelegele. Mzee Njoroge akajishika uso, machozi yakamlengalenga bila kuigiza. Nilijua moyoni kwamba ile ilikuwa picha bora kuliko zote nilizopiga maishani mwangu.

Jioni, kwa kina Wanjiru huko Dandora, tukaifungua kwenye kompyuta yake. Kila kitu kilikuwa cha manjano. Ukuta, sabuni, meno ya kinyozi, vyote kama vimepikwa kwa binzari. Wanjiru hakusema "nilikwambia". Afadhali angesema. Alijaribu kurekebisha rangi kwa mashine, ukuta ukawa mweupe lakini uso wa mzee ukawa wa kijivu kama wa maiti. Akaiacha mashine, akaweka mikono mapajani. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Nikatoa kanzu mkobani nikaitandaza mezani, kando ya kadi yake. Ndipo nikaona. Kanzu haikuwa nyeupe. Ilikuwa samawati, samawati ya waziwazi, ya kuonwa hata na mtoto. Mwezi baada ya mwezi niliizidishia bluu nguo isiyovaliwa, na macho yangu haya, yaliyokuwa yakiona alama ya kidole kwenye lenzi, hayakuona. Niliionyesha kamera samawati nikaiambia ni nyeupe, nayo ikaongeza manjano ili isawazishe. Ilinitii tu. Nyani haoni kundule.

Nililia. Sikulia kwa ajili ya picha peke yake. Wanjiru alinishika bega, tukakaa hivyo. Nikamwambia, "Kosa ni langu. Na kukudharau mbele ya watu ni kosa kubwa zaidi. Nisamehe."

"Anti, wacha. Sasa tutado aje?"

Asubuhi tukaenda kwa Mzee Njoroge kumweleza. Alitusikiliza, akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki. Alikuwa amezifagia ndevu zake akaziweka. "Zibandikeni," akasema. "Gundi ya mbao ninayo." Tulicheka mpaka tukakaa chini. HD ingeonyesha gundi ile kama tope. Lakini kicheko kile kilinirudishia akili. Mzee mwenyewe akaongeza, "Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Mbao ikipasuka, fundi hutazama ufa unaelekea wapi."

Nikamgeukia Wanjiru. "Sehemu zilizobaki ni zipi?"

"Zote za baada ya kunyoa. Akivaa koti, akienda kwa yule mama, wakinywa chai."

"Hakuna hata moja tuliyokwisha kupiga?"

"Hakuna."

"Basi zote tutazipimia kwa kanzu hii hii. Kabla ya wembe, dunia yake ni ya kadi, baridi. Wembe ukigusa tu, dunia inapata joto la manjano, na inabaki hivyo mpaka mwisho. Lakini wewe ndiye mwongozaji. Ukisema hapana, ni hapana."

Alifikiri muda mrefu, anauma ukucha. Safari hii nilimngoja. Kisha akasema, "Mzee, shika hiyo kanzu juu."

Tukapiga siku tatu, kanzu ile ile, kidude kile kile. Filamu ikakamilika siku moja kabla ya mwisho, na barua ya chuo ikaja kabla ya mwezi kwisha. Walimkubali. Waliandika kwamba wamependa namna rangi inavyobadilika na moyo wa mzee. Wanjiru alinisomea barua hiyo mara tatu, na mara ya tatu nilimwomba anipe niishike.

Tuliionyesha filamu kwenye ukumbi wetu wa Kaloleni, baada ya sala ya Alasiri, madirisha yamezibwa kwa mashuka ya majirani. Mkuu wa Kamera alikuja na mkongojo wake. Wembe uliposhuka na picha ikapata joto, alinigonga goti akanong'ona, "Binti, hiyo rangi umeipataje?"

"Kwa kosa, Mkuu," nikamwambia, na nikamweleza yote, hata maneno niliyomwambia Wanjiru. Zamani nisingemwambia.

Akatikisa kichwa. "Mimi niliwahi kupiga gwaride zima kifuniko kikiwa kwenye lenzi," akasema. Miaka yote ile hakuwahi kutuambia.

Mwishoni yakaanza kupanda majina. Mwongozaji, Wanjiru. Mwigizaji, Njoroge. Kamera, Rukia. Nilipumua, nikajua hapo ndipo ninapostaafu mara ya pili, na safari hii kwa hiari yangu. Nilikuwa nimeanza kuinuka nilipoona maandishi hayajaisha. Lilikuwa limebaki jina moja. Rangi: kanzu ya marehemu Athumani, Kaloleni.

Mtu ambaye hakutaka kupigwa picha hata ya kitambulisho. Jina lake lilijaa ukuta mzima wa ukumbi aliouchezea utotoni, na nikalitazama mpaka likapotea.

Siku hizi Wanjiru hunitembelea na wenzake wa chuoni, nami huwapa lenzi na kitambaa kwanza. Wanalalamika kidogo, kisha wanasafisha. Nawaambia jivunieni kazi yenu, mimi najivunia yangu mpaka kesho. Lakini mtu akiwaambia kuna manjano, tazameni tena.

Na kanzu? Kesho yake baada ya onyesho lile niliifua kwa sabuni tupu, nikaisuuza maji matatu. Maji ya kwanza yalitoka samawati, ya pili pia kidogo, ya tatu yakatoka safi. Nikaianika juani mgongo ukinitazama. Sijaitia bluu tena.