Mnara Ulioshuka Korongo Wakiwa Usingizini

Inatangazwa kwa wakazi wote wa bonde la Toyooka kwamba Mzee Nishigaki Tomezo, mshona mabegi mstaafu, amiri jeshi wa nati na mtukufu wa winchi, amekubali kuwaambia waandishi wa habari kilichomo moyoni mwake kuhusu lile tukio la mwezi wa saba. Wananchi wanaombwa kuvua kofia. Wenye upara wakae walivyo, wameshavua.

Kabla hajafungua mdomo, tumjue tunayemsubiri.

Mzee Nishigaki alisimamisha mnara wake wa redio nyuma ya nyumba tangu ujanani, apate kuongea na watu wa Chile, ambao hawajawahi kumwomba kitu. Ni mnara wa chuma wa vipande vinavyoingiana kama darubini ya nahodha. Hupandishwa na kuteremshwa kwa winchi ya mkono na kebo. Juu kabisa ipo antena, mfano wa mfupa wa samaki aliyeliwa na mtu mwenye adabu. Kwa mnara huo Mzee alipata dini. Ukimsalimia njiani, anakujibu kwa mahubiri: msingi uchimbe mpaka jirani aulize unamzika nani, zege likauke kwanza, usilipandie mnara kwa kiherehere, mkanda wa kupandia ukague mwenyewe, usimwachie atakayekurithi, kebo ipake grisi kila vuli, hata kama mwenyewe unatembea na miguu mikavu. Na amri iliyozipita zote: upepo ukitajwa tu, teremsha.

Mwaka huu alivunja amri. Baridi ilipokuwa inaisha alilazwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa macho, akauacha mnara juu, kwa kuwa jioni ile Chile ilisikika laini mno, akaona haya kuikatiza. Alirudi, akabanduliwa bandeji, na kitu cha kwanza alichokiona kwa macho mapya ni korongo mweupe juu ya antena, amesimama kwa mguu mmoja, na kijiti mdomoni.

Kwetu korongo haguswi. Waliisha kabisa, wakarudishwa kwa taabu, na sasa kila mmoja ana pete mguuni na wajomba serikalini. Mzee akazima redio. Akaweka kigoda chini ya mnara, na siku zikaanza kupita kama zinavyopita homa inapopungua. Mashamba ya mpunga yalijaa maji, mnara ukaonekana humo umeota kichwa chini ndani ya mawingu, na korongo wa majini wakaruka chini ya korongo wa angani. Korongo hana sauti. Hugonga mdomo tu, ka-ka-ka. Ashida, rafiki yake wa redio, akaja wasikilize pamoja.

"Leo anasema nini?" aliuliza Ashida.

"Anatuma nukta na vistari, kama tunavyogonga sisi redioni. Anataja kituo chake."

"Kipi?"

"Sijui. Ana mkono mbaya kuliko wako."

Makinda matatu yakaanguliwa. Yalikuwa bado hayajui kuruka kimbunga kilipotangazwa: kesho alfajiri kitapita juu yetu. Mnara ukiwa juu vile, na kiota kipana kama tanga, ungeangukia paa la Bibi Tarui, jirani. Bibi huyo alikuwa ameomba mnara ushushwe tangu siku uliposimama. Asubuhi hiyo alikuja amekunja mikono.

"Ukigusa hiyo winchi naita polisi."

"Si umeshawaita mara nyingi uteremshwe?"

"Wakati ule ulikuwa mnara wako. Sasa ni nyumba ya watu."

"Utaangukia paa lako, Bibi."

"Paa halina pete mguuni."

Mzee akapiga simu ofisi inayohusika na ndege. Akajibiwa kwa upole mwingi: asiguse chochote, na ahakikishe usalama wa wote. Akashukuru, akakata simu, akaitazama kama aliyeuziwa kiatu kimoja.

"Tuufunge waya pande nne," alisema Ashida.

"Mnara wa kuteleza haufungwi hivyo. Waya zinavuta chini, kebo inabebeshwa mzigo usio wake, inakatika. Utaua ndege, paa na Bibi Tarui."

"Bibi Tarui sidhani."

Sumie, mke wa Mzee, alikuwa akiwagawia tambi baridi. "Baba," alisema, "wajukuu wako nawatoa mgongoni wakiwa wamelala, nawalaza. Sijaamsha hata mmoja."

"Hao ni watoto, Mama."

"Na wale je?"

Mzee akaweka chini vijiti vya kulia tambi.

Mchana ule hewa ilisimama. Hata vyura walikuwa wamenyamaza. Mzee akashika mpini wa winchi, akazungusha kidogo tu, akapumua, akangoja, akazungusha tena. Kebo iliyolishwa grisi vuli zote ikateleza bila mlio. Bibi Tarui alikaa dirisha la ghorofani na upepeo wake: akiuinua, simama, akiushusha, endelea. Hakuna aliyemteua. Mnara ukazama polepole kama jua linavyozama, usilione likienda, ila baadaye ukute halipo. Makinda yalisinzia. Tulioegemea ukuta nasi tukaanza kusinzia, tukahisi ni ardhi inayopanda.

Kisha mama korongo akarudi na chura mdomoni. Akaenda moja kwa moja pale nyumba ilipokuwa, akakuta hewa. Upepeo ukapanda. Mzee akaganda na mpini mkononi. Ndege akazunguka, akatazama chini, akazunguka tena, jasho likidondoka kwenye pua ya Mzee asithubutu kulifuta. Hatimaye akatua, kama abiria aliyeshushwa kituo cha mbele na hataki ugomvi. Akawagawia makinda chura.

Jioni kiota kilikuwa usawa wa dirisha la Bibi Tarui, nyumba mbili zikikikinga. Kimbunga kilipita alfajiri, kikang'oa mabati na kumwaga mapipa. Kulipopambazuka kiota kilikuwa kimeinama upande, Bibi yuko dirishani na nguo za jana, na vichwa vitatu vimechomoza, vinadai chakula.

Wiki chache baadaye makinda yote yaliruka.

Ndipo waandishi wa habari wakaja, na kamera zao, na msichana mwenye kipaza sauti akauliza, sauti ikimtetemeka, Mzee amejifunza nini kuhusu binadamu na viumbe vingine. Ashida alikuwa tayari ana machozi. Mzee Nishigaki akakitazama kile kiota kitupu kwa muda mrefu.

"Wananuka," alisema.