Migomba ya Nyuma ya Jiko

Hisabati kidato cha nne nilipata F. Naiandika hapa wazi kwa sababu kwa mdomo sijawahi kuitamka. Watu wakiuliza matokeo nilikuwa naanza na Kiswahili, halafu Historia, halafu nakohoa.

Kwa hiyo nilipopata nafasi chuoni hapa Bukoba, kusomea maendeleo ya jamii, furaha yangu ilikatika nilipofika kwenye orodha ya masomo. Takwimu. Na wenye F kama mimi tulitakiwa kuhudhuria wiki mbili za maandalizi, mwisho kila mmoja asimame mbele aeleze kazi aliyoifanya nyumbani. Asiyeridhisha anahamishiwa kozi nyingine. Sikujua ninaogopa nini zaidi, hesabu au kusimama.

Kazi yenyewe: tafuta wastani wa kitu chochote cha kwenu. Jumamosi nikatoka Miembeni ninakokaa na mama mdogo, nikapanda basi mpaka Muleba kwa bibi. Bibi ana kibanja, yaani migomba na kahawa imeizunguka nyumba pande zote. Nikachagua mikungu ishirini, nikahesabu chane za kila mmoja. Jumla mia na themanini. Nikagawanya mara tatu kwa sababu sijiamini, na mara zote ikaja tisa. Nilijisikia profesa.

Bibi alikuwa anamenya ndizi. Akauliza, "Umeandika nini huko muda wote huo?"

"Wastani, bibi. Mkungu wa kwetu una chane tisa."

Akaweka kisu chini. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. "Tisa! Waitu, jamani, tungekuwa matajiri! Ulihesabia wapi?"

"Hapo nyuma ya jiko."

"Hapo ndipo ninapomwaga majivu na maganda, na samadi ya ng'ombe yote inaishia hapo. Hiyo migomba inakula kuliko wewe! Umefika kule chini, mpakani mwa kibanja?"

Sikuwa nimefika. Kulikuwa na matope.

Nilinuna, nakiri. Nilitaka kubaki na tisa yangu. Hesabu ilikuwa sahihi, na nani angejua? Lakini bibi alishanitajia kule mpakani, na kila nikiangalia daftari niliona jiko tu. Nikavua viatu.

"Usichaguechague," akanifuata kwa sauti. "Uliyochagua mwenyewe itakuwa mizuri tu!"

Basi nikaanzia mpakani nikipanda kuelekea nyumbani, na kila mgomba wa tano wenye mkungu nikauhesabu, uwe mnene uwe umekondeana. Kule chini kulikuwa na chane nne, tano. Mmoja ulikuwa na tatu, nikauonea huruma. Ishirini ilipotimia jumla ikawa mia na ishirini na nne. Sita nukta mbili.

Ijumaa nikasimama mbele. Nilipotaja ndizi, msichana wa kiti cha nyuma akasema, "Huyu katuletea chakula cha mchana!" Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akauliza, "Naona majibu mawili. Tisa umelikata. Ulikosea kugawanya?"

"Hapana, mwalimu. Kugawanya nilipatia." Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Kugawanya nilipatia. Nilikosea kutembea. Nilihesabu migomba ya nyuma ya jiko peke yake, na hiyo inashiba kuliko mingine."

Mwalimu, ambaye nadhani naye amekulia kibanjani, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Kaa. Jumatatu njoo ujiunge na wenzako wa takwimu." Akaweka tiki mbele ya jina langu kwenye karatasi ya usajili. Niliitazama tiki ile nikiwa nimesimama bado, mpaka akaniambia tena nikae.

Tulipotoka, yule msichana wa kiti cha nyuma akanishika mkono. Zamu yake ilikuwa mchana. "Samahani kwa ile ya chakula. Dada, hebu niangalizie. Mimi nimehesabu wateja wa duka la mama, lakini Jumapili, watu wakitoka ibadani. Nimeharibu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi jambo la hesabu. Nikaketi kwenye ngazi, nikamwambia alete daftari.

"Siku nyingine hukuhesabu kabisa?" nikamuuliza.

"Jumanne kidogo."

"Anza na hiyo Jumanne."