Zamu ya Mke wa Redio

Kinyozi yule mtaani walimwita Redio, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla shuka haijakufika shingoni, keshakuuliza mgongo wa mama unaendeleaje, na ule mlango wako uliokataa kufungwa umefikia wapi. Wengine walikwenda kunyolewa vichwa ambavyo, tuseme ukweli, havikuwa na nywele za kunyoa.

Nyumbani, jamani, redio ilizimika. Mkewe akimwuliza jambo, jibu ni moja tu: "Mm." Kulikuwa na "mm" ya ndiyo, "mm" ya hapana na "mm" ya niongezee mchuzi, na kwa miaka kumi na tisa mke alikuwa amejifunza kuzitofautisha. Mwanamume hapigi, halewi, halali nje. Utamshitaki kwa nani, useme kafanya nini?

Jumanne moja asubuhi, Redio akivaa viatu, mkewe akamwambia, "Baba watoto, leo naenda kwa dada. Sijui kama nitarudi."

"Mm," akasema Redio, akafunga kamba za kiatu cha pili.

Alikuwa keshafika barabarani maneno yalipomwingia. Akasimama. Alitaka kurudi, lakini akirudi atasema nini? Akaenda kufungua kibanda, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoijua.

Saa tano mkewe akaingia na begi. Basi lake lilikuwa la saa saba. Akaketi kwenye benchi nyuma ya fundi bomba na mwalimu mstaafu, akangoja zamu kama watu wengine. Redio akawanyoa wale wawili kimya kimya, mpaka fundi bomba akamwuliza kama anaumwa. Walipomaliza hawakuondoka, wakarudi kukaa benchini.

Mke akapanda kitini, begi mapajani.

"Nikunyoe vipi?" akauliza Redio.

"Usininyoe. Niongeleshe, kama unavyowaongelesha hawa."

Redio akamfunga shuka, maana bila shuka hakujua pa kuanzia. Akamtazama kwenye kioo. Likamuuma kwamba presha ya mama yake fundi bomba anaijua kwa tarakimu, ila hajui mkewe anashindaje mchana. Likamtoka swali lake la kila siku, la kila mteja.

"Habari za nyumbani?"

Watu wa benchini wote wakainamia simu zao.

"Nyumbani kuna upweke," akasema mke. "Watoto wameondoka. Mume wangu yupo, na nampenda, ila naogopa tutazeeka hivi hivi."

"Umeanza lini kuogopa?"

"Mwaka juzi."

"Na huyo mume hakuona?"

"Mwulize wewe. Mnajuana."

Redio akachukua kitana. "Hakuona," akasema. "Anaona haya."

Akauliza na mengine, kitana mkononi, bila kuchana kitu. Basi la saa saba likapita, likapiga honi, likaenda zake.

Jioni Redio akabeba kutoka kibandani kioo kimoja cha zamani chenye ufa, akakitundika sebuleni. Akaweka kiti mbele yake na kusimama nyuma ya kiti, na shuka begani. Mke akaja akakaa. Hawajafika mbali, dada mtu akapiga simu kuuliza mbona hajafika.

"Niko kwa kinyozi," akasema mke.

"Mpaka saa hizi?"

"Ana maneno mengi."