Masharubu ya Utafiti

Mchora takwimu wa chumba cha mwisho hufanya kazi na kiatu kimoja. Cha pili hukivua asubuhi na kukisahau chini ya meza. Kazi yake ni kukusanya tafiti za watu mbalimbali waliopima jambo moja, na kuzipanga kwenye mchoro mmoja. Utafiti uliopima watu wengi hupata kiboksi kinene. Uliopima wachache hupata kidogo, chenye mistari mirefu huku na huku, maana hauna hakika na unachosema. Mistari hiyo yeye huiita masharubu. Huifuata kwenye kioo cha kompyuta kwa kidole cha mwisho, akinong'ona kama anayebembeleza mtoto: "Wewe nawe, debe tupu."

Siku moja mkuu wa idara, ambaye naye alikuwa na utafiti wake humo, aliinama kujitafuta kwenye mchoro, akajiona kwa shida. "Dada, kiboksi changu mbona kama punje ya ulezi? Kikuze basi, kesho tuna wageni."

"Nitakuza, mkuu," alijibu kwa upole, mguu ukipapasa kiatu.

Kesho yake projekta ilirusha mchoro ukaenea ukuta mzima. Alikuwa amekuza kila kitu, kwa kipimo kimoja. Kiboksi cha mkuu kilibaki kidogo kuliko vyote, ila masharubu yake yalivuka ukuta, na mkuu aliposogea kueleza, yakamkaa sawasawa chini ya pua. Wageni wakainamia vikombe vyao. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mchora takwimu alikuwa amevaa viatu vyote viwili.