Chupa Tisa za Marehemu Baba

Siku nne mfululizo, kila saa moja asubuhi, kabla sijachemsha hata chai, jirani yangu mzee Heenbanda yuko mlangoni kwangu ananiomba sumu.

Si utani. Sumu.

Naitwa Kumudu. Tunaishi Uva, milimani huku Sri Lanka. Baba alipofariki aliniachia bustani ya waridi na maharage, na banda lenye chupa tisa za dawa za wadudu na magugu. Nyingine zilipigwa marufuku zamani. Nyingine lebo zimeliwa na panya.

Mume wangu, Lalith, akasema, "Mwaga mtaroni, yaishe."

"Mtaro unaishia kwenye kisima cha watu, Lalith."

"Basi kaa nazo, ulale nazo!"

Nikazipanga wima kwenye ndoo yenye mchanga, vifuniko nimevikaza, nikapanda basi kwenda ofisi ya kilimo.

Mara ya kwanza, mhusika yuko semina.

Mara ya pili, leta barua.

Mara ya tatu, dada mmoja pale akashika kichwa. "Umepakia hii kwenye basi la abiria? Usirudie! Ifungie nyumbani kwa kufuli. Gari la kukusanya litapita kwenu baada ya Poya."

Poya, sikukuu yetu ya mwezi mpevu, ilikuwa bado siku kumi na mbili.

Nikarudi na ndoo yangu. Mgongo unauma, miguu imevimba, naongea peke yangu kama chizi.

Kesho yake, hodi. Ni mzee Heenbanda, alishaniona na ile ndoo.

"Mwanangu, ya nini kujitesa? Nipe mimi. Maharage yangu yanaliwa na wadudu."

"Mjomba, hizi zimepigwa marufuku."

"Sisi wazee tumezizoea. Hata moja tu."

Mzee mpole, hana neno na mtu. Mkewe alifariki mwaka jana, binti yake anaishi mjini Badulla.

Siku nne nikamkatalia. Ya tano nikasema potelea mbali. Nimechoka mimi. Nikabeba ndoo, nikavuka njia mpaka kwake.

Nikapitia bustanini.

Hamna kitu. Hata mche mmoja. Udongo mkavu, miti ya kupandishia maharage imefungwa mafungu, imeegemezwa ukutani.

Ndani kumefagiliwa. Nguo zimekunjwa, kila fungu lina karatasi yenye jina la mtu.



"Mjomba. Maharage yako wapi?"

Mzee, aliyekuwa amekaa kando ya nguo, akanyoosha fungu moja.

"Mjomba, nakuuliza."

"Samahani, mwanangu. Nyumba imekuwa kimya mno."

Nikakaa palepale sakafuni, ndoo nimeikumbatia kwa mikono miwili kama mtoto anayetaka kuporwa.

Sikumhubiria.

"Inuka mjomba, twende kwangu. Hujanywa chai wewe."

"Nitakuchosha."

"Nishachoka tayari. Twende."

Ndoo nikaifungia, ufunguo nikauvaa shingoni. Nikampigia binti yake. Alifika jioni ileile, analia tangu aliposhuka kwenye basi. Asubuhi wakaenda hospitali, daktari akakaa na mzee saa nzima. Siku hizi anaishi kwa binti yake, na kliniki haikosi.

Gari likaja baada ya Poya. Watu wenye glavu wakazichukua chupa zote tisa, wakanipa karatasi nisaini. Nilidhani nitafurahi. Nililala tu, mpaka Lalith akapika mwenyewe.

Ndugu yangu unayesoma, dawa ya bustani usiyoihitaji iache kwenye chupa yake, ifungie, usubiri wenye kazi yao. Usimwage. Usimpe jirani, hata akiomba kwa upole namna gani.

Na jirani anayebisha kila siku, muulize hali yake. Mimi siku nne nilimjibu habari za chupa tu.

Ile siku ya tano nilikuwa nampelekea kabisa, kwa mikono yangu.

Si kwa ubaya. Kwa kuchoka tu.